Kwa Nini Bibi Hataki Kurudisha Kitabu

Nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha Mikumi, wenzangu bwenini walinionea wivu kwa sababu moja tu: twiga. Ni kweli, basi la Iringa linakatiza katikati ya hifadhi na unaweza kuona tembo bila kulipa kiingilio. Lakini kilichonifundisha zaidi kule hakikuwa hifadhini. Ni vitabu viwili, na watu wazima wawili walioniapia kwamba mambo ya majini na vyombo vya angani ni ya watoto.

Wa kwanza ni mwalimu wa Fizikia pale shuleni, mtu wa miaka hamsini na kitu. Alinikuta ofisini nasoma Walenisi ya Katama Mkangi, akaniuliza kama bado nahadithiwa sungura na fisi. Nikamweleza kwa kifupi: Dzombo anahukumiwa, anatupwa angani ndani ya chombo kisichotakiwa kurudi, na badala ya kufa anatua kwenye nchi ambayo mambo yake ni kinyume kabisa na alikotoka. Mkangi, msomi wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alikitoa kitabu hicho mwaka 1995. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Sasa hicho chombo kinafungaje breki?" Akakichukua ili aje anionyeshe makosa. Siku ya tatu alikuja hana habari na breki tena. Alitaka kujua kama na mimi nimegundua kwamba jina la ile nchi, ukilikatakata, linasomeka "wale ni sisi".

Swali lake la breki halikuwa la kijinga. Ndivyo bunilizi ya kisayansi inavyofanya kazi: inakuuliza "je, ingekuwaje kama", kisha inabidi ijibu kwa kufuata sharti ililojiwekea yenyewe. Fantasia haina shida na breki, inakuambia kuna jini, basi. Lakini nayo ina sheria zake, na mwandishi akizivunja msomaji anakasirika. Katika Kiswahili mpaka wa hizi mbili haujanyooka. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani, na hakuna anayeeleza inashikiliwa na nini. Kilichopo ni kesi mahakamani, mshtakiwa Karama, na wajumbe sita waliotumwa huko na huko, hadi mbinguni na ardhini. Kiukweli niliisoma shuleni nikaichukia. Tuliandikiwa dhamira, falsafa na ujumbe ubaoni kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, tukakariri kama madesa ya siku ya mtihani. Nasema hivi nikijua mwakani nitakuwa mbele ya ubao huohuo.

Wa pili ni Bibi yangu. Yeye anakaa Kilosa mjini, na kila Ijumaa jioni nilipanda gari kwenda kwake. (Njiani kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Kondakta anapaza sauti "Ulaya, washukaji!", na kinamama wanateremka Ulaya na madumu yao.)

Bibi alijifunza kusoma ukubwani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata vijiji vilijaa madarasa ya kisomo. Lakini angalia watu walisomeshwa nini. Vitabu vya kisomo vilikuwa vya pamba na mahindi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wanakusanyika kusikiliza na kujadili vyoo na malaria. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Silaumu, vyoo vilichimbwa kweli. Ila mtu aliyepata herufi kwa njia hiyo anabaki na imani kwamba maandishi ni ya kukupa maelekezo. Bibi anasoma Biblia, anasoma karatasi za dawa, anasoma risiti. Nilipomwekea mezani Adili na Nduguze akaniuliza, "Hiki kinafundisha nini?" Nikasema kuna watu wamegeuzwa manyani. Akakisogeza pembeni kama sahani iliyoingia nzi.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulipata kwenye semina yoyote. Bibi huyohuyo ndiye aliyetulea na hadithi za mazimwi. Kila usiku alianza, "Hadithi, hadithi," nasi tukaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hebu yasikilize maneno hayo. Yule anayesimulia anaaga ukweli waziwazi, na wanaosikiliza wanauita uongo uje, kwa hiari yao. Ni mapatano. Mtu mzima anayesema hawezi kufurahia mambo yasiyowezekana, mara nyingi aliyafurahia maisha yake yote kwa masikio, ila hakuna aliyemwambia kwamba mapatano yale yanaruhusiwa hata kwenye karatasi. Basi usiku ule nilifungua kitabu, nikasema, "Hadithi, hadithi." Akacheka, akaitikia. Nikaanza kumsomea.

Hadithi yenyewe ina asili ya mbali. Kisa kinachofanana nacho kimo katika Alfu Lela Ulela, ila kule ndugu waligeuzwa mbwa. Adili, liwali mwenye sifa njema, kila usiku anawachapa viboko manyani wawili, halafu analia na kuwalisha. Manyani hao ni kaka zake wa damu. Walimwonea wivu, wakamtupa baharini, na jini aliyewahi kuokolewa na Adili akawageuza na kumwamuru awachape kila siku.

Bibi hakuuliza jini alitoka wapi. Alinisimamisha kwenye viboko. "Rudia hapo." Nikarudia. Akakaa kimya muda, kisha akasema, "Huyu anawapiga halafu anawapa chakula. Mimi wa kwangu hata chakula sijampa."

Niwaeleze kidogo. Bibi na mdogo wake wa kiume, anayekaa Kimamba, hawajasemeshana miaka sita kwa sababu ya shamba la baba yao. Nyumbani hatulitaji jina lake. Padri amejaribu, balozi amejaribu, baba yangu alijaribu akafukuzwa na mwiko. Ukimwambia Bibi "msamehe ndugu yako" anajua unakoelekea, anafunga mlango mapema. Lakini manyani hawamhusu. Anaweza kuwatazama kwa starehe, akawachukia, akawaonea huruma, na anaposhtuka amekwisha fika nyumbani kwake mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu watu wazima wakishaonja vitabu hivi wanavifurahia kuliko sisi wa kidato. Sisi tulijibu swali la wivu kwa alama kumi. Yeye ana shamba lenye mpaka uliong'olewa.

Tangu hapo alichukua miwani akaendelea mwenyewe, kwa kunong'ona, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye mji ambao watu wake wamekuwa mawe alinipigia simu Mikumi saa tano usiku, nikadhani kuna msiba. Nikamtania kwamba siku hizi anaamini uongo. Akaniambia, "Mwanangu, mwaka 2024 nimeona treni isiyo na moshi inaingia ndani ya mlima hapa Kilosa na kutokea upande wa pili. Ningekusimulia hilo ukiwa mtoto, ungelala na hofu."

Kitabu ni cha maktaba, na faini inakula bumu langu. Nilipokifuata wiki ya mwisho hakikuwepo. Bibi akasema amekituma Kimamba, kwa bodaboda, bila barua wala salamu. Mwalimu wa Fizikia naye bado ana Walenisi.

Nimepiga simu Jumapili iliyopita. Bado hawajaongea, ila babu alimtuma mjukuu wake aje aulize kama kina sehemu ya pili.