Kikao Bila Ukumbi

Jioni ya tarehe 10 Desemba 2020, madiwani wa Handforth, mji mdogo wa Cheshire ulio kusini mwa Manchester, walikutana kwa Zoom, kila mmoja yuko kwake. Kabla hata ajenda haijaguswa, ugomvi ulikuwa umeshawaka. Mwenyekiti alidai kwamba kikao hakikuitishwa kihalali. Mwanamke aliyekuja kusaidia kazi ya ukarani, Jackie Weaver, akamwonya. Mwenyekiti akamjibu kwamba hana mamlaka yoyote pale. Bi Weaver akabonyeza kitufe, na mwenyekiti akatoweka kwenye kioo. Makamu naye akafoka akimtaka Bi Weaver azisome kanuni za kudumu na kuzielewa, naye punde akatolewa. Waliobaki wakachagua mtu wa kuongoza, kikao kikaendelea.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Usiku ule kidole kimoja kilimtoa mwenyekiti wa baraza.

Video ya kikao hicho ilisambaa Februari 2021, na mamilioni ya watu wakacheka, hasa pale Bi Weaver alipoeleza kwamba mwenyekiti amejiandika kwenye Zoom kuwa yeye ndiye karani, na kwa kuwa hakuna wa kumzuia mtu kujiita karani, basi na yeye aitwe Britney Spears. Sisi tunaofuatilia sheria za serikali za mitaa tulicheka pia. Kisha tukairudisha video nyuma kwa swali kavu: kile kitufe kilikuwa cha nani?

Swali hilo halijibiki bila kulijua baraza lenyewe. Ngazi ya chini kabisa ya utawala England ni baraza la parokia. Jina limetoka kanisani, lakini tangu sheria ya mwaka 1894 kazi za baraza na kazi za kasisi zilitenganishwa. Mabaraza haya ni kama 10,000 hivi, na madiwani wake wengi hawalipwi mshahara. Wanashughulikia vitu ambavyo mwananchi huvikumbuka vikiharibika tu: makaburi, mashamba madogo ya kukodisha, ukumbi wa kijiji, viwanja vya watoto, vibanda vya kusubiri basi. Msomaji wa Tanzania afikirie halmashauri ya kijiji. Yupo mwenyekiti aliyechaguliwa, na yupo karani aliyeajiriwa, anayetoa taarifa za vikao, kuandika muhtasari na kutunza majalada, kazi ambazo kwetu anazifanya mtendaji wa kijiji. Na kama ilivyo kwetu, wawili hawa wakikosana, kijiji kizima kinajua kabla ya jua kuzama.

Vikao vyao vinaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972. Ni sheria iliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaotembea kwenda kikaoni. Taarifa itolewe siku tatu kamili kabla. Akidi ni theluthi ya wajumbe, nao wasipungue watatu. Kura hupigwa kwa kunyoosha mikono, labda kanuni za kudumu za baraza ziseme vingine. Diwani asiyehudhuria kikao chochote kwa miezi sita mfululizo, na baraza halikuikubali sababu yake, amepoteza kiti. Imo hata ibara inayokataza kukutana mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kama hakuna chumba kingine kinachopatikana bure au kwa bei ya wastani. Aliyeiandika alikuwa akiifikiria baa ya kijiji. Jiko la diwani, chupa ya mvinyo ikichungulia nyuma ya bega lake kwenye kamera, halikumjia akilini.

Mlango wa kikao nao una sheria yake, na historia yake inapendeza. Mwaka 1960 mbunge mpya, Margaret Thatcher, aliitumia hotuba yake ya kwanza bungeni kutetea muswada wake wa kuwafungulia waandishi wa habari na wananchi milango ya vikao vya mabaraza. Muda mfupi kabla ya hapo, baadhi ya mabaraza yalikuwa yamewafungia waandishi nje wakati wa mgogoro wa wafanyakazi wa uchapaji. Muswada ulipita, na mabaraza ya parokia yanaitii sheria hiyo mpaka leo. Mlango uwe wazi, na baraza likitaka kuufunga lipitishe azimio na kutaja sababu.

Tarehe 23 Machi 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson akawaamuru Waingereza wabaki majumbani kwa sababu ya korona. Papo hapo neno moja dogo likageuka kikwazo. Sheria ya 1972 inamtaka diwani awepo kikaoni. Awepo wapi, ikiwa ukumbi umefungwa na kutoka nje bila sababu ya maana ni kosa? Bunge lilikuwa limeliona hilo. Sheria ya Korona ilipata ridhaa ya Malkia tarehe 25 Machi, na kifungu chake cha 78 kikampa waziri uwezo wa kutunga kanuni za vikao. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 4 Aprili. Diwani aliye nyumbani sasa alihesabiwa kuwa yupo, mradi awasikie wenzake nao wamsikie, na inapowezekana waonane. Wananchi nao wapewe njia ya kusikiliza. Mkutano wa mwaka wa baraza, ambao kwa kawaida ni lazima ufanyike Mei, uliruhusiwa kuahirishwa, na uchaguzi wa Mei 2020 ukasogezwa mbele mwaka mzima. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na kikomo: ilihusu vikao vitakavyofanyika kabla ya tarehe 7 Mei 2021. Tarehe hiyo tutairudia.

Kati ya amri ya kubaki nyumbani na kanuni mpya zilipita siku kumi na mbili ambazo baraza lisingeweza kukutana kihalali kwa namna yoyote. Bili hazikungoja, na viwanja vya watoto vilitakiwa kufungwa. Nani aliamua?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata madiwani wenyewe. Hudhani kwamba baraza lisipoweza kukaa, mwenyekiti anaamua kwa niaba yake. Hapana. Mwenyekiti huongoza kikao, na kura zikilingana ana kura ya kuamua. Kikao kikishafungwa hana madaraka ya dharura mfukoni. Sheria ya 1972 inaliruhusu baraza kukasimu kazi zake kwa kamati au kwa mtumishi. Diwani mmoja hakutajwa, awe mwenyekiti au asiwe. Kwa hiyo aliyebaki na madaraka ni karani, mtu ambaye katika mabaraza mengi madogo huajiriwa kwa saa chache tu kwa wiki. Baraza lililokuwa na busara ya kupitisha azimio la kukasimu kabla ya milango kufungwa lilikuwa na mtu wa kuidhinisha malipo na kutia kufuli kwenye bembea za watoto. Ambalo halikupitisha lilibaki na karani mwenye vitabu vya hundi na hofu.

Kuna jambo moja ambalo hata karani hawezi kukasimiwa: kupanga kiasi ambacho wakazi watatozwa mwaka unaofuata kwa ajili ya baraza. Hilo lazima liamuliwe na baraza lenyewe, likiwa limekaa. Mantiki yake haihitaji wakili, maana anayeingiza mkono mfukoni mwa mwananchi awe amechaguliwa na mwananchi. Makadirio haya hupitishwa wakati wa baridi na kupelekwa kwa mamlaka ya juu kabla ya Machi. Januari 2021 England ilikuwa imefungwa kwa mara ya tatu. Bila kikao cha mtandaoni, mabaraza yangelazimika kuchagua kati ya kuwakusanya wazee ukumbini na kukosa bajeti. Wanaoikumbuka Zoom kwa vichekesho vya Handforth tu wanasahau kwamba makaburi yalipata fedha za kuhudumiwa mwaka ule kwa sababu madiwani waliweza kunyoosha mikono mbele ya kamera.

Turudi kwenye kitufe. Kikao kile kilikuwa cha dharura, na sheria inasema kwamba mwenyekiti akikataa kuitisha kikao baada ya kuombwa kwa maandishi na madiwani wawili, au siku saba zikipita bila kuitisha, madiwani wowote wawili wanaweza kukiitisha wenyewe. Hivyo dai la mwenyekiti kwamba kikao ni batili lingeweza kujadiliwa kwa hoja. Ama kumtoa mjumbe anayevuruga, utaratibu wa kawaida ni wa hatua. Anaonywa kwanza, kisha wajumbe wanapiga kura atolewe. Karani hashiriki kura hiyo, kwa kuwa yeye si mjumbe.

Ukumbini, hatua hizo hutokea zenyewe. Mtu asiyetaka kutoka lazima ashikwe mkono na mtu mwingine, na huyo atasita, atawatazama wenzake, atauliza kama wameamua. Kwenye Zoom hakuna wa kusita. Aliyefungua kikao ndiye mwenye ufunguo, hata kama sheria haikumpa. Kanuni za Aprili 2020 ziliyaruhusu mabaraza kujiandikia utaratibu wao wa vikao vya mtandaoni, na kwa maoni yangu kosa kubwa la msimu ule lilikuwa hapo. Palihitajika sentensi mbili tu kwenye kanuni za kudumu: nani atafungua kikao, na ni kwa azimio la nani mtu atatolewa. Mabaraza makubwa yalikuwa na wanasheria wa kuyaona hayo. Madogo yalijifunza kiungo cha Zoom kikiwa tayari kimetumwa.

Halmashauri ya juu, Cheshire East, iliagiza uchunguzi. Ripoti ilitoka Machi 2022 baada ya kugharimu kama pauni 85,000, fedha ambazo baraza la parokia lingezifanyia mengi. Wachunguzi walisema Bi Weaver hakuwa na mamlaka rasmi ya kuwatoa madiwani wale, ila kwa hali ya baraza lile ilivyokuwa, inaeleweka kwa nini alifanya hivyo. Mwenyekiti aliyeonekana mkorofi dunia nzima alikuwa, katika nukta hiyo moja ya sheria, amesema kweli. Nami nakubaliana na pande zote mbili za hukumu hiyo, ingawa ningependa zaidi kama wangetumia fedha kidogo kufika hapo.

Wakati dunia inacheka, saa ilikuwa inakwenda kuelekea 7 Mei 2021. Serikali haikupeleka muswada mwingine bungeni kuongeza muda. Halmashauri ya Hertfordshire, pamoja na chama cha wanasheria wa serikali za mitaa na chama cha maofisa wanaohudumia vikao vya mabaraza, wakaenda Mahakama Kuu. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria ya 1972, ikisomwa kwa macho ya leo, inaruhusu vikao vya mtandaoni tangu mwanzo. Ajabu ni kwamba waziri aliyeshitakiwa aliiunga mkono hoja yao. Ni nadra kuona mlalamikaji na mlalamikiwa wakiwa upande mmoja, na nadra zaidi kuwaona wote wakishindwa. Tarehe 28 Aprili majaji walikataa. Kikao, walisema, ni watu kukutana ana kwa ana mahali palipotajwa. Scotland na Wales zilipotaka vikao vya mbali zilitunga sheria, na Bunge lenyewe lisingekihitaji kifungu cha 78 kama ruhusa ilikuwapo tayari. Siku chache baadaye wakaongeza kwamba pale sheria inapotaka kikao kiwe wazi kwa umma, mwananchi lazima aweze kuingia kwa miguu yake. Mlango wa mwaka 1960 ukabaki kuwa mlango wa mbao.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho ambacho hakikupata video. Kuanzia tarehe 7 Mei madiwani walitakiwa kurudi ukumbini, wakati watu wa nyumba tofauti walikuwa bado wamekatazwa kutembeleana ndani, na baa zisingehudumia wateja ndani hadi tarehe 17 Mei. Mabaraza yaliwahi kufanya mkutano wa mwaka kwa Zoom katika siku za kwanza za mwezi. Mengine yaliwakasimu makarani karibu kila kitu ili madiwani wasilazimike kukutana, yaani jitihada za kulinda afya zikapunguza maamuzi ya waliochaguliwa. Diwani anayetumia kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mchanga, waliokuwa wamehudhuria kila kikao kwa mwaka mzima, wakarudishwa walikokuwa: ama waje, ama miezi sita ianze kuhesabiwa.

Wales ilipitisha sheria mwaka huohuo wa 2021 na kuviruhusu vikao vya mtandaoni moja kwa moja. Kwa England, serikali ilisubiri mpaka Oktoba 2024 ndipo ikawauliza tena wananchi na mabaraza maoni yao.

Wewe diwani au mjumbe wa halmashauri ya kijiji unayesoma haya, kaitoe nakala ya kanuni zenu za vikao kabatini. Tafuta neno "kuhudhuria" na neno "akidi", uone zinasema nini ukumbi ukifungwa kesho, na nani ataidhinisha malipo ya maji wakati huo. Kama hazisemi kitu, andika hoja na uipeleke kikao kijacho, mngali mnaweza kukaa chumba kimoja.