Anayekesha na Mgonjwa Wako Ni Nani?

Ndugu msomaji, huenda leo hii unaye mgonjwa katika hospitali ya Mawenzi au KCMC mjini Moshi, au katika mojawapo ya hospitali za huko juu mlimani: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, au Huruma ya Rombo. Ukienda kumtazama jioni, yamkini hutamkuta daktari. Amekwisha pita wodini asubuhi, amempima, ameandika maagizo yake katika faili, na ameitwa kwa wagonjwa wengine. Kisha kengele ya kutazama wagonjwa hulia, nawe hurudi nyumbani. Anayebaki na mgonjwa wako mpaka alfajiri ni muuguzi.

Kwa kuwa maisha ya jamaa zetu yamo mikononi mwake kwa saa nyingi kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote hospitalini, yatupasa tumfahamu. Amesoma nini? Anaruhusiwa kufanya nini? Nasi tunao wajibu gani kwake?

ELIMU YAKE

Wengi wetu humwita "nesi" au "sista" kila mtu tumwonaye wodini amevaa sare. Hilo ni kosa. Mhudumu wa afya, anayesukuma kitanda cha magurudumu na kusafisha wodi, anafanya kazi ya heshima isiyoweza kukosekana, lakini si muuguzi. Hata wauguzi wenyewe si wa daraja moja. Aliyesoma miaka 2 hupata cheti, naye huitwa muuguzi aliyeandikishwa. Aliyesoma miaka 3 akapata stashahada, au miaka 4 akapata shahada, ndiye muuguzi aliyesajiliwa. Mwenye shahada huongeza mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini chini ya uangalizi.

Anayetaka kuingia katika mafunzo ya stashahada hana budi awe amemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo kadhaa, yakiwamo Biolojia, Kemia na Fizikia. Chuoni hufundishwa maumbile ya mwili, magonjwa, dawa, ukunga, afya ya jamii na maadili ya kazi. Sehemu kubwa ya masomo hayo hufanyika kando ya kitanda cha mgonjwa. Mkoa wa Kilimanjaro umebahatika katika jambo hili, kwani vyuo vya uuguzi viko Machame, Kibosho na Rombo, na katika eneo la KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, kipo chuo kikuu kinachotoa shahada.

Hata hivyo cheti cha chuo peke yake hakimpi mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ni lazima asajiliwe au aandikishwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni. Akivunja maadili, Baraza hilo laweza kumwita ajieleze, na laweza kumfutia jina lake. Kila anapotia sahihi katika faili la mgonjwa, anaiweka rehani kazi yake.

JICHO LA USIKU

Baadhi ya watu hudhani kwamba kazi ya muuguzi ni kutimiza aliyoagiza daktari, basi. La hasha! Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua salama saa 2 usiku. Mtoto analia vizuri, jamaa wamefurahi, na bibi amekwisha anza kufikiria mtori wa kesho. Lakini saa za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa, kwa maana kutoka damu nyingi wakati huo ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya wazazi duniani. Kwa kipimo kilichozoeleka, ikifika nusu lita tayari ni jambo la kuhofiwa, na damu hiyo yaweza kunywewa na khanga na mashuka pasipo mtu kutambua wingi wake.

Kwa sababu hiyo muuguzi humrudia mama huyo kila baada ya dakika 15 katika saa hizo za mwanzo. Hushika mkono ahesabu mapigo, hupima shinikizo la damu, hubonyeza tumbo ajue kama mji wa uzazi umekaza, na hutazama khanga. Mwili wa binadamu una desturi ya kuficha hasara yake: damu inapopungua, moyo huongeza mwendo kwanza, na shinikizo la damu hushuka baadaye, wakati hali imekwisha kuwa mbaya. Muuguzi mwenye elimu akiona mapigo yamepanda kutoka 80 hadi 110, hangoji shinikizo lishuke. Husugua mji wa uzazi ukaze, hutoa dawa ya kuukaza, huandaa dripu, na humwita daktari. Kama asingehesabu, daktari angeitwa kutazama maiti.

Ndiyo maana karatasi ile iliyoning'inia miguuni pa kitanda, ambayo wengi huiona kama mapambo, ina thamani kubwa. Zamu zinapobadilishana, anayetoka humkabidhi anayeingia kila mgonjwa kwa jina na kwa hali yake. Namba moja isipoandikwa, anayeingia hana cha kulinganisha nacho.

Katika dawa pia muuguzi ni mlinzi. Kabla ya kutoa hata kidonge kimoja, hujiuliza mambo 5: Je, mgonjwa ndiye huyu? Dawa ndiyo hii? Kiasi ndicho? Njia ndiyo, yaani ni ya kumeza au ya sindano? Na wakati ndio huu? Dozi ya mtoto aghalabu hukadiriwa kwa uzito wake, kwa hiyo nukta moja iliyokosewa yaweza kuifanya mara 10. Akiona agizo lina mashaka, ni wajibu wake kumwuliza daktari kabla ya kulitimiza. Daktari mwenye busara hushukuru kwa hilo.

Wajibu huo haukomi mlangoni pa wodi. Mgonjwa anapoteremshwa kutoka zahanati ya mlimani hadi hospitali ya wilaya, na kutoka huko hadi Mawenzi au KCMC, muuguzi ndiye anayefaa kusafiri naye garini, hata wakati wa masika ambapo barabara ni tope tupu. Hulinda pumzi yake, huangalia dripu, na hufikisha habari zake kamili kwa watakaompokea.

WAJIBU WETU

Nasi jamaa tunalo la kufanya. Kwanza, tuseme kweli. Kama mgonjwa alipewa dawa za miti shamba nyumbani, muuguzi aambiwe bila kuona haya, maana hawezi kuikinga hatari asiyoijua. Pili, tusimlishe kwa siri mgonjwa anayesubiri upasuaji. Uji au mtori uliomo tumboni waweza kupanda wakati amelazwa kwa dawa ya usingizi, ukaingia mapafuni na kumwua. Tatu, tusiguse dripu kwa kuona inakwenda polepole.

Nne, tusitoe kitu kidogo wala tusikubali kuombwa. Haiwezi kukanushwa kwamba wako wauguzi wenye ulimi mkali, na wapo waliosahau kiapo chao. Huyo asivumiliwe. Muulize kwa adabu jina na cheo chake, hiyo ni haki yako, kisha upeleke malalamiko kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kwa uongozi wa hospitali, na ikibidi kwa Baraza. Lakini kumtukana muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku ni kumpunguzia mgonjwa wako mwenyewe jicho la kumlinda.

Mwisho, neno kwa wazazi. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, husikika mtu akisema, "Huyu hakufanya vizuri, tumpeleke akasomee unesi." Msomaji, jiulize kama ungependa usiku wa shida yako ulindwe na mtu aliyepelekwa kazini kwa sababu ya kukosa pengine. Kazi hii yataka kijana, wa kike au wa kiume, anayeweza hesabu, anayetunza siri, asiyechukia uchafu wa mgonjwa, na mwenye ujasiri wa kumwamsha mkubwa wake saa 9 usiku. Kama unaye kijana wa namna hiyo nyumbani, mhimize asome sayansi tangu sasa.