Spana Zisizouzwa Dukani

Mwendesha bodaboda wa Kitui au Makueni hana haja ya kufunzwa springi ni kitu gani. Viganja vyake vyamweleza kila jioni. Barabara za changarawe za huko zina mawimbi kama bahari wakati wa kusi, na yakiisha mawimbi huanza mchanga wa mito mikavu. Juu ya hayo kuna mzigo. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzani wa kilo 20, na si ajabu kuona mitungi minne ikipandishwa kutoka mtoni kwa safari moja, mbali na dereva mwenyewe.

Zinazoumia kimyakimya ni shokabsoba za mbele, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu. Ndani ya kila moja mna springi ndefu iliyozama katika oili. Vumbi huila sili, ile pete ya mpira izuiayo oili. Oili ikavuja, springi ikabaki bila wa kuituliza. Nayo springi, kwa kubondwa miaka na miaka, huchoka ikafupika. Hapo dereva akishika breki, pua ya pikipiki hupiga mbizi.

Vyombo maalumu vya kazi hii vyatengenezwa viwandani, lakini si vya kupatikana kila duka la vipuri, na bei yake haimwelekei fundi wa kijijini. Basi yeye hufanya kazi nyumbani chini ya mwembe, na mwembe wenyewe ni chombo: kamba kwenye tawi, gurudumu la mbele likaning'inia.

Vifuniko vya juu vya baadhi ya shokabsoba vina tundu la pembe sita. Fundi hutafuta bolti ambayo kichwa chake chaingia humo barabara, akaitia nati mbili na kuzikaza hadi zibanane. Spana ya kawaida hushika nati, na kifuniko kikafunguka. Ukikitazama kitu hicho kimetupwa chini utadhani ni takataka.

Akitaka kubadilisha na sili, kazi huwa kubwa zaidi. Chini ya bomba kuna bolti nyingine, nayo ni mkaidi: ukiizungusha, fimbo ya ndani iliyoungana nayo huzunguka pamoja nayo, mkacheza ngoma hiyo mchana kutwa. Fundi wa Wote au Mwingi huchukua mpini wa ufagio, akauchonga ncha, akaupigilia ndani ya kichwa cha fimbo hadi uume. Sisi wa Mombasa, tuliozoea kuwaona wachongaji wa Kikamba pale Changamwe, ambako chama chao cha ushirika kilianza 1963, hatushangai kuona ncha ile ikikaa sawasawa. Wala chuma si kigeni kwao. Wahunzi wao wa kale walifua vyembe vya mishale. Chuoni tulisomeshwa kuwa Nabii Daudi alilainishiwa chuma mikononi mwake. Fundi wa Ukambani hakujaaliwa hayo, naye hushika tupa.

Sili mpya huingizwa kwa kipande cha paipu ya plastiki kilichokatwa wima, na sili kuukuu huwekwa juu yake isiumie kwa nyundo. Oili hupimwa kwa bomba la sindano ya mifugo, kwani lina alama za mililita, na pande zote mbili sharti zilingane.

Hapa nataka nitenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kubuni spana ni ujuzi. Kubuni springi ni jambo jingine kabisa. Wako wanaokata springi ya pikipiki nyingine, au kushindilia vipande vya paipu juu ya springi iliyochoka. Kipande cha paipu si kosa kwa dhati yake, maana baadhi ya shokabsoba hutoka nacho kiwandani. Lakini kikizidi kipimo, mapindi ya springi hugusana kabla gurudumu halijamaliza mwendo wake, na shimoni chuma hupiga chuma. Kadhalika anayebadilisha upande mmoja tu. Abiria wa nyuma, pengine mama mjamzito anayewahishwa zahanati usiku, hana habari ya yaliyomo ndani ya mabomba yale.

Fundi mwenye kujua hasimamishi uso wake juu ya kifuniko anapokifungua, maana springi iliyobanwa yaweza kukirusha kama jiwe la kombeo. Hukikandamiza kwa kiganja kilichofungwa kitambaa, akaifungua hesi ya mwisho polepole. Kisha huzisimamisha springi kuukuu na mpya bega kwa bega juu ya jiwe bapa, mwenye pikipiki ajionee kilichopungua. Wakishaafikiana, huzitia zote mbili, hufunga, hukandamiza usukani mara tatu nne, akatega sikio.