Masisi na Walikale: Mashine mpya ya mtandao inavyoweza kufuta ya zamani

Kuweka mashine mbili za kulinda mtandao, moja ikizimika nyingine ishike kazi, ni wazo zuri kwa ofisi ama hospitali ya Masisi na Walikale, kule ambako fundi wa Goma hafiki kila anapoitwa. Lakini siku ya kuziunganisha ndiyo yenye hatari. Mashine hizo lazima ziwe na mipangilio ileile. Kwa hiyo moja inakuwa kuu, na nyingine inafuta ya kwake ili ichukue ya mwenzake. Ikishinda ile mpya, iliyotoka kwenye kartoni tupu kabisa, kazi ya miaka inapotea kwa dakika chache. Zoni ya afya inayotuma ripoti zake kwa DHIS2 inabaki bila njia.

Tuchukue FortiGate, mashine ya kampuni ya Fortinet. Isipopangwa vingine, inaangalia kwanza nani ana nyaya nyingi zilizo hai kati ya zile ilizoagizwa kusimamia, kisha nani amewaka muda mrefu zaidi, kisha namba ya kipaumbele, mwisho namba ya kiwanda. Fundi anaweza kujiambia: ya zamani inawaka tangu miezi, basi itashinda.

Hapa kwetu hesabu hiyo ni ya kuogopa. Jenereta ikizimika katikati ya kazi, zote mbili zinawaka upya pamoja. Tofauti isipozidi dakika 5, FortiGate haiihesabu. Kipaumbele nacho kinatoka kiwandani kikiwa 128 kwa kila mashine. Inabaki namba ya kiwanda: kubwa inashinda, na inaweza kabisa kuwa ya ile mpya.

Dawa yake haina gharama. Mashine ya zamani ipewe kipaumbele 200, mpya 100, na uwashwe mpangilio unaotanguliza kipaumbele kabla ya muda wa kuwaka. Nyaya za ya zamani zisichomolewe. Zote ziwe za aina moja, na toleo moja la programu. Kati yao zipite kebo mbili, maana ikiwa ni moja tu na ikakatika, kila mashine itajiona kuwa kuu.

Kabla ya yote, mipangilio ihifadhiwe kwenye flashi inayobaki palepale ofisini, chini ya kufuli. Januari 2025, M23 walipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika mjini. Machi vita vikafika Walikale-centre. Nakala iliyoachwa Goma pekee haingemsaidia mtu.

Na ile ya 200 ikiharibika siku moja, mashine itakayochukua nafasi yake isipewe 200 mara moja. Ianze na namba ndogo, inakili kwanza, ndipo ipandishwe.