Mtoto Asiyeshika Masomo Apimwe Kwanza

Ndugu wanachama, mtoto akianguka mtihani kila mara tusikimbilie kusema ni mvivu au amerogwa. Pengine hasikii vizuri, haoni yaliyoandikwa ubaoni, au herufi zinamchanganya. Tangu mwaka 1984 nchi yetu ina vituo vya kupima watoto wa namna hii, viitwavyo EARC. Huko mtoto huangaliwa macho, masikio na jinsi anavyojifunza, kisha mzazi na mwalimu hushauriwa: labda akae mbele, avae miwani, au aongezewe muda wa kufanya kazi. Tumuulize mwalimu mkuu kituo kilicho karibu. Shida huwa ni nauli. Basi tukichanga kidogo kila mkutano, tutamfikisha mtoto huko kabla hajaacha shule.