Darubini ya Mwindaji na Darubini ya Mtazama Ndege

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba, ndege wa ugenini huja kwa makundi katika matope ya Hori ya Tudor na ya Port Reitz. Wengine wametoka mbali sana, hata Siberia, nao hukaa kwetu mpaka mwezi wa Aprili. Mpita njia wa Mikindani au Likoni huona madoa tu ukingoni mwa maji. Lakini mwenye darubini njema humwona sululu na mdomo wake mrefu uliopinda, akimchomoa kaa katika tundu lake.

Wako vijana wa pwani ambao hupata riziki kwa kuwaongoza wageni wanaotaka kutazama ndege, na chombo chao cha kwanza ni darubini. Chombo hicho ni ghali. Kijana akikosea katika kuchagua, akiba ya miezi mingi imekwenda bure. Mwandishi wa makala haya alipata kuteleza hivyo mwenyewe: alinunua darubini iliyoandikwa 20x50 kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kwamba namba ikiwa kubwa, darubini ni bora. Alipofika ufukweni ndege alikuwa mkubwa kweli, lakini akitetemeka kama kivuli katika maji, wala hakuweza kumtambua.

Basi na tueleze kwanza maana ya namba hizo. Katika 8x42, namba ya kwanza yasema kwamba kitu kitaonekana kana kwamba kimesogezwa karibu mara nane. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, utapata 5 na zaidi kidogo: huo ndio upana, kwa milimita, wa duara ya nuru itokayo nyuma kuingia jichoni. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka mpaka kiasi cha milimita 7. Jua la adhuhuri huibana ikawa 2 au 3 tu. Nuru inayozidi upana wa mboni haiingii, imepotea. Kwa hiyo swali la kumwuliza mnunuzi si, "Wataka kuona mbali kiasi gani?" bali, "Utatazama nini, na saa ngapi?"

Mwindaji hutazama alfajiri na magharibi, wakati wanyama wanapotoka malishoni. Mnyama wake ni mkubwa, yuko mbali, mara nyingi amesimama kimya, na rangi yake ni ile ile ya majani makavu. Hapo yahitajiwa nuru nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo sababu wawindaji wa Ulaya wanaokaa mpaka usiku huchukua darubini nzito za 8x56. Penye uwanda mpana wengi hupenda 10x42. Kama haionyeshi kitu kilicho hatua tatu mbele yake, mwindaji hajali. (Wawata wa nyika yetu, waliokuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde, hawakuwa na darubini yoyote, walimnyemelea mnyama mpaka wakawa karibu naye mno. Lakini hiyo ni elimu nyingine.)

Katika Kenya kuwinda wanyama wa porini kulipigwa marufuku mwaka 1977. Hata hivyo darubini ya namna ya mwindaji haikukosa kazi. Avukaye Likoni na kupanda Shimba Hills, iliyofanywa hifadhi mwaka 1968, huenda kumtafuta palahala, ambaye katika Kenya nzima hapatikani porini ila huko. Akifika mapema, ukungu ukali umelala mabondeni, atahitaji kioo kile kile cha mwindaji, ingawa hana bunduki.

Mtazama ndege ana shida nyingine kabisa. Ndege hakai. Chozi huruka kutoka ua hadi ua, naye keremkerem hukata hewa na kurudi tawini kabla hujasema neno. Kwa hiyo jambo kubwa ni upana wa mahali panapoonekana. Kwa umbali wa mita 1,000, darubini nyingi za 8x42 huonyesha upana wa mita 130 hivi, na za 10x42 kiasi cha mita 110. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama utampata ndege au utapata tawi tupu. Tena gurudumu la kurekebisha liwe katikati, lizunguke kwa wepesi, na darubini ionyeshe sawasawa hata kitu kilicho mita mbili tu. Kwa maoni yetu, anayeanza kazi hii achukue 8x42, au 8x32 ikiwa shingo yake haipendi uzito, wala asivutwe na zaidi ya 10. Mkono wa binadamu hautulii vya kutosha.

Mombasa, kwa kuwa ni mji wa bandari, huuzwa pia darubini za mabaharia za 7x50. Hizo ni imara na zina nuru ya ajabu usiku. Lakini nyingi hurekebishwa kila jicho peke yake, jambo lisilo taabu kwa nahodha atazamaye meli iliyo mbali, ila kwa mtu anayemfuata ndege ni usumbufu mtupu. Na mchana wa pwani, nuru yake nyingi haina mahali pa kuingia.

Kuna pia darubini ya jicho moja iwekwayo juu ya miguu mitatu, ambayo kwa kawaida hukuza mara 20 mpaka 60, na kioo chake cha mbele ni milimita 65 au 80. Mwindaji huitumia kuzipima pembe za mnyama kabla hajajisumbua kumwendea, naye hupenda iliyonyoka, kwa kuwa aweza kulala chini akaielekeza moja kwa moja. Kiongozi wa wageni afadhali achukue ile ambayo mahali pa kuwekea jicho pameinama juu: watu warefu na wafupi huinamia kwa zamu bila kuirekebisha kila mara. Lakini asitumaini kuitumia mara 60 saa sita mchana. Joto lipandalo kutoka matopeni huifanya hewa icheze, na kadiri unavyokuza ndivyo unavyoukuza mchezo huo. Mara 20 au 30 yatosha.

Aliye na fedha ya chombo kimoja tu aanze na darubini ya macho mawili, kisha ajue maji yake. Maji ya bamvua yakipwa, ndege huenda mbali sana. Lakini ukisimama mahali pazuri saa mbili kabla ya maji kujaa, bahari yenyewe itawasukuma kukujia.

Dukani, ishike darubini mbali na uso, uielekeze kwenye mwanga wa mbingu, lakini kamwe usiielekeze juani, maana jua laweza kulipofusha jicho mara moja. Zile duara mbili za nuru ziwe mviringo kamili. Zikiwa na kingo zilizokatwa, vioo vya ndani ni hafifu. Kioo cha mbele chenye rangi nyekundu ing'aayo kama kito, kiache: kinairudisha nuru nyekundu na kukuachia picha ya kijani. Halafu tazama kwa dakika chache ukingo ulionyoka wa paa. Kichwa kikianza kukuuma, huenda mapipa mawili hayakulingana. Avaaye miwani ajaribu akiwa ameivaa. Na utakaponunua, usiende kuijaribu kwa kutazama Kilindini, kambi ya wanamaji ya Mtongwe au uwanja wa ndege. Askari atakuwa na haki ya kukuuliza wamtazama ndege gani.

Linabaki jambo la hewa yetu. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo, tena haraka. Ukiweza, nunua iliyozibwa na kujazwa hewa ya naitrojeni, maana hiyo haingizi ukungu, na chumvi ya bahari waweza kuifuta kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo ya chumvi. Mchanga upulizwe kwanza. Ncha ya shati au kanga hukwaruza kioo. Usiihifadhi katika mfuko wake wa ngozi ndani ya kabati, kwa kuwa ngozi hushika maji. Iweke katika kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na siku za kusi, mvua ikiwa nyingi, ifungue uiachie hewa kila juma.