Maumivu yasiyoisha: tusinyamaze

Nani kati yetu hana mzazi anayelalamika mgongo mwaka hadi mwaka? Tunakwenda zahanati, tunapewa vidonge, tunarudi, na maumivu yako palepale. Mwishowe tunanyamaza.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Wahudumu wengi wa afya hawakufundishwa vya kutosha kuyatibu. Mwaka 2003, huko New Mexico, Marekani, Dakta Sanjeev Arora alianzisha mpango uitwao ECHO: madaktari bingwa na wahudumu wa vijijini wanakutana kwa video, mhudumu anaeleza hali ya mgonjwa bila kumtaja jina, kisha wote wanashauriana. Ulianza na homa ya ini aina C, baadaye yakaingia maumivu sugu. Mgonjwa hasafiri; ujuzi ndio unaosafiri.

Kumbe hata daktari bingwa anategemea habari kamili! Basi ukienda zahanati, sema: yalianza lini, yanazidi ukifanya nini, usingizi unapata? Dawa za kienyeji usizifiche. Na tiba si vidonge tu: mazoezi mepesi na mazungumzo pia husaidia.

Mama akisema anaumwa, tumsadiki, tumsindikize.